Ibada ya nyumbani, jumuiya, mashauri au mafungo: ipi itakurudisha kwa watu wako?

Ofisi za serikali hapa Dodoma hufungwa saa 9:30 alasiri. Anayefika kwake saa 4 usiku ana zaidi ya saa sita ambazo mke, mume au watoto hawajui zimekwenda wapi. Daladala ya kutoka Mtumba, ulipo mji wa serikali, hadi mjini haiwezi kuzimaliza. Zimeishia kijiweni, baa, kwenye kiwanja kinachojengwa Nala, au ndani ya gari lililoegeshwa nje ya geti huku mwenyewe akiperuzi simu. Na kwa wengine wengi zimeishia kanisani au msikitini: Jumanne mazoezi ya kwaya, Jumatano kamati, Alhamisi kwaya tena, Ijumaa mkesha. Huo wa mwisho ndio utoro mgumu kuusemea, maana nani atamgombeza mtu aliyekwenda kusali?

Dini zenyewe zimeusemea zamani. Katika Injili ya Marko sura ya 7, Yesu anawakemea watu waliotumia Korbani, yaani sadaka iliyowekwa wakfu, kama kisingizio cha kutowatunza wazazi wao. Katika hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Bukhari, Salman anamkuta sahaba mwenzake Abu Dardaa akifunga mchana na kusali usiku hadi mkewe kasahaulika. Salman akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na familia yake ina haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume akasema Salman kasema kweli.

Kwa hiyo hapa hatuulizi ipi kati ya njia hizi nne ni takatifu zaidi. Tunamzungumzia mtu mwenye imani ambaye anajijua, au ameambiwa, kwamba nyumbani hayupo hata akiwepo, na anataka kujua aanzie wapi.

Vigezo vya kulinganisha

Kabla ya kuchagua, chukua wiki moja uandike mambo mawili tu kila siku: saa uliyotoka kazini na saa uliyokaa chini na watu wa nyumbani. Hesabu saa ya kukaa nao, siyo ya kuingia getini. Andika pia kilichokuwa katikati. Wiki ikiisha utajua unakimbia nini hasa: kelele za watoto, madeni yanayosubiri mezani, mzazi mgonjwa, au ugomvi wa chumbani ambao haujazungumzwa tangu mwaka jana. Njia zinatofautiana kwa sababu tunayoyakimbia nayo yanatofautiana.

Halafu zipime kwa haya: inafanyikaje na nani yumo ndani yake, inachukua muda na fedha kiasi gani, inaharibika wapi, na inamfaa nani. Lipo la tano, ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote: ukiacha, nani atajua? Njia ambayo hakuna anayegundua umeiacha huwa haidumu.

1. Ibada ya nyumbani

*Inavyofanyika.* Dakika 12 hadi 15, nyumba nzima, akiwemo dada wa kazi na ndugu aliyekuja kusoma. Ifunge kwenye kitu ambacho tayari kinatokea kila siku. Kwa familia nyingi kitu hicho ni chakula cha usiku: ibada ianze vyombo vikiwa bado mezani, kwa sababu vikishatolewa watu wamekwisha tawanyika. Televisheni izimwe, simu zote ziwekwe chumba kingine, ya baba ikiwa ya kwanza. Ubeti mmoja au miwili ya wimbo, somo la mistari sita hadi kumi, lisomwe na mtoto anayejua kusoma, halafu swali moja kwa kila mtu, “leo kipi kimekuuma na kipi kimekufurahisha?”, kisha sala, kila mtu sentensi moja. Hakuna mahubiri. Swali ndilo moyo wa shughuli, lipewe nusu ya muda.

Kwa Waislamu nafasi nzuri ni kati ya Magharibi na Isha. Dodoma Magharibi huingia karibu saa 12 na nusu hadi saa 1 jioni kutegemea miezi, na hadi Isha kuna zaidi ya saa moja. Mwanamume anayeswali jamaa msikitini arudi moja kwa moja, aswali sunna nyumbani (Mtume alihimiza sehemu ya swala iswaliwe majumbani, nyumba zisiwe kama makaburi), kisha wakae na watoto kusoma ukurasa mmoja wa Qur'ani, dua, na swali lile lile la siku.

*Muda na fedha.* Fedha hakuna. Muda ni mdogo, lakini masharti yake ni makali: lazima uwe umefika. Hapo ndipo inapotibu utoro, maana saa 1 na nusu usiku huwezi kuwa baa na mezani kwa pamoja.

*Inapoharibika.* Kwanza, inageuka mahakama. Baba anasali, “Bwana, mguse mtoto huyu anayefeli hesabu,” na mtoto anajua sala hiyo haikwenda mbinguni, imemjia yeye. Mama anasoma kifungu cha ulevi akimtazama mumewe. Ikitokea mara mbili, wiki ya tatu kila mtu ana kazi ya shule ya haraka. Kanuni ya kuzuia hili ni moja: wakati wa ibada hakuna kumtaja aliyepo kwa kosa lake, ila yeye mwenyewe akijitaja. Pili, inarefuka. Dakika 40 saa 3 usiku kwa mtoto wa darasa la pili ni adhabu. Tatu, inamtegemea mtu mmoja, akisafiri inakufa. Zungusheni uongozi kwa zamu tangu wiki ya kwanza, watoto nao wapewe. Nne, familia inajiwekea siku saba na kushindwa, kisha inaona aibu kuanza upya. Anzeni na siku nne. Nne zinazodumu mwaka mzima zimezishinda saba za mwezi mmoja.

*Ukiacha, nani atajua?* Watoto. Na watauliza.

*Inamfaa nani.* Mtu anayekimbia uchovu, kelele, au ile hali ya kutokujua aongee nini na watoto wake mwenyewe. Haimfai sana aliye katikati ya ugomvi mkali na mwenzake. Kusali mbele ya watoto huku mmenuniana kunawafundisha watoto kitu kingine kabisa.

2. Jumuiya ya mtaa, seli au darsa

*Inavyofanyika.* Wakatoliki wana Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, nyumba za jirani zinazokutana kila wiki kwa zamu majumbani, zikisali rozari au kutafakari Injili ya Jumapili. Walutheri na Waanglikana wana ibada za nyumba kwa nyumba, Wapentekoste wana seli, yaani vikundi vidogo vya sala. Misikiti ina darsa, yaani mafundisho ya dini, mara nyingi wanaume peke yao na wanawake peke yao.

*Muda na fedha.* Saa moja hadi moja na nusu kwa wiki, kwa miguu. Michango ipo: mfuko wa jumuiya, rambirambi, kuwatembelea wagonjwa. Nayo itajwe nyumbani kabla ya kutolewa, kwa sababu mchango wa siri nao ni aina ya kukwepa.

Nguvu yake katika mji kama huu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na mji ukawa jiji mwaka 2018, mitaa mipya ilijaa watu wasio na shangazi wala mjomba karibu. Iyumbu au Ilazo unaweza kukaa miaka miwili bila mtu mzima yeyote wa kukuuliza, “Mbona mama watoto siku hizi kimya?” Jumuiya inamrudisha muulizaji huyo. Na zamu ya kukaribisha ikifika kwako, lazima uwepo, viti vipangwe, chai iive, mazungumzo yafanyike kati yenu wawili hata kama ni ya sukari na vikombe. Kwa ndoa iliyopoa hayo ni mengi.

*Inapoharibika.* Umbea ndio unaoongoza. Neno la chumbani likishatajwa kama “ombi la sala,” kesho liko kwa muuza genge. Yapelekeni maombi ya mambo ambayo hamtaumia yakijulikana. Yaliyobaki yapelekeni kwenye njia ya tatu. La pili: anakwenda mmoja tu, kila wiki yule yule, na mwingine anabaki kama mlinzi wa nyumba. La tatu ni vyeo. Mtu aliyekuwa anakwepa nyumba akichaguliwa mwenyekiti au mhazini amepewa leseni. Kama ndiyo kwanza unajaribu kurudi nyumbani, kataa cheo kwa mwaka mmoja. Hutakuwa wa kwanza kukataa.

Kwa darsa za wanaume peke yao na wanawake peke yao, upungufu ni kwamba mume na mke hawasikii jambo moja. Kuuziba ni rahisi: kila mmoja arudi na jambo moja alilojifunza na walizungumze kabla ya kulala.

*Ukiacha, nani atajua?* Mtaa mzima. Parokia nyingi zinataka kujua kama unashiriki jumuiya hata unapoomba mtoto abatizwe.

*Inamfaa nani.* Wageni wa mji, wajane na wagane, mama anayelea peke yake, na wanandoa ambao hawagombani ila wameanza kuishi kama wapangaji wawili.

3. Mashauri kwa kiongozi wa dini au wazee

*Inavyofanyika.* Padre, mchungaji, wazee wa kanisa, wasimamizi wenu wa ndoa; kwa Waislamu shehe, au utaratibu wa Sura An-Nisaa aya ya 35, hakamu, yaani msuluhishi, mmoja kutoka kwa watu wa mume na mmoja kutoka kwa watu wa mke. Mshauri mzuri husikiliza kila mmoja peke yake kwanza, kisha pamoja. Mikutano mitatu hadi sita, kila mmoja saa moja, ikiachana kwa wiki mbili ili kuwe na kitu cha kupima. Ondokeni kila mara na makubaliano yasiyozidi mawili, yaandikwe, na yawe ya kuonekana kwa macho. “Atanipenda zaidi” hayapimiki. “Jumatatu hadi Alhamisi atakuwa nyumbani saa 1 usiku, na akichelewa atapiga simu kabla” yanapimika.

*Muda na fedha.* Kwa kawaida hakuna ada. Gharama yake ni aibu, na wengi huona heri wangetozwa fedha.

*Inapoharibika.* Mume anampeleka mke “akaambiwe,” au mke anampeleka mume. Anayepelekwa anahudhuria mwili tu. Mshauri ni ndugu wa upande mmoja. Mshauri ana neno moja la kila tatizo, “vumilia,” analitoa dakika ya kumi. Ukiona hivyo, omba kwa heshima kukutana na mwingine. Hakuna dini inayokulazimisha kubaki na mshauri mmoja. La hatari zaidi ni siri kuvuja kwenye mahubiri ya Jumapili au hotuba ya Ijumaa, hata bila majina. Ulizeni mapema: tutakayosema yanaishia wapi?

Msichanganye mashauri na baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza liko chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nalo ndilo shauri hupitia, isipokuwa katika hali chache, kabla ya ombi la talaka kufikishwa mahakamani. Likishindwa kupatanisha hutoa hati. Mashauri ya kiroho hayatoi hati, na ni vizuri yaanze mapema, wakati bado hakuna anayeihitaji.

*Ukiacha, nani atajua?* Mwenzako na mshauri, basi. Ndiyo maana tarehe ya mkutano unaofuata ipangwe kabla hamjainuka.

*Inamfaa nani.* Anayekimbia jambo lenye jina: deni lililofichwa, mtoto wa nje, kinyongo, ukwe. Ibada ya nyumbani haiwezi kubeba mambo hayo, na jumuiya haipaswi kuyabeba.

4. Mafungo, mikesha na itikafu

*Inavyofanyika.* Kuondoka nyumbani kwa makusudi: mkesha wa usiku mmoja, mafungo ya siku mbili au tatu katika nyumba ya watawa au kituo cha kanisa, itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, siku kumi za mwisho za Ramadhani.

*Muda na fedha.* Hii ndiyo ghali: nauli, chakula, malazi, sadaka, pamoja na kazi za nyumbani zinazoangukia mtu mwingine. Gharama hiyo ya mwisho haiandikwi popote.

*Inapoharibika.* Anayetaka kukwepa akipewa mafungo amepewa njia ya lami. Anarudi ametulia, ana sauti laini, na siku ya tatu anagombana na mtoto aliyemwaga maji, kwa sababu utulivu ule haukujaribiwa na kitu chochote. Tena anakuwa na madai mapya: nyumba imekuwa “ya kimwili,” mwenzake “hajakua kiroho.” Ukisikia maneno hayo kinywani mwako, usiandikishe mafungo mengine mwaka huu.

Lakini tusiionee njia hii. Binti anayemuuguza mama yake mwenye kiharusi kwa mwaka wa pili hakimbii, amechoka, na siku mbili za kulala na kusali zitamrudisha akiwa mtu. Anayehisi mkono unataka kuinuka ni afadhali aondoke usiku huo kuliko abaki. Aliyefiwa pia anaweza kuhitaji ukimya ambao nyumba yenye watoto wanne haina.

Masharti ni ridhaa na mipaka. Paulo katika 1 Wakorintho 7:5 anawaruhusu wanandoa kutengana kwa ajili ya sala endapo wamepatana, kwa muda, kisha wakutane tena. Kuhusu siku kumi za mwisho za Ramadhani, Bi Aisha amesimulia kwamba Mtume alikuwa akiwaamsha watu wa nyumbani kwake. Yaani hata kilele cha ibada kiliwahusu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kubalianeni manne: nani anabaki na watoto, fedha ya matumizi imeachwa kiasi gani, unarudi saa ngapi, na mwenzako atapata lini siku yake ya kupumzika inayolingana na hiyo. La nne ndilo linalosahaulika. Siku unayorudi usipange kitu kingine chochote.

*Ukiacha, nani atajua?* Hakuna. Ukienda mno ndipo watu watajua.

*Inamfaa nani.* Aliyechoka kweli na anayeondoka akijua tarehe ya kurudi.

Kabla ya ushauri wa mwisho

Kuna nyumba ambazo kubaki ndani yake hakuwezi kuitwa imani. Kama kuna kipigo, vitisho au mtoto anaguswa vibaya, hakuna kati ya njia hizi nne inayokuja kwanza. Kinachokuja kwanza ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ofisa ustawi wa jamii, au namba 116 ya kuripoti ukatili kwa watoto, inayopigwa bure. Na kama kinachomtoa mtu nyumbani ni pombe asiyoweza kuiacha au huzuni isiyoisha, sala iende sambamba na matibabu. Hospitali ya Mirembe iko hapa hapa mjini, na si ya “vichaa” peke yao kama watu wanavyopenda kusema.

Kwa hali yako

*Una watoto chini ya miaka 12 na ndoa iko salama, ila huonekani.* Ibada ya nyumbani siku nne kwa wiki, miezi mitatu, bila kuongeza kingine. Punguza huduma moja kanisani au msikitini ili kuipisha. Mweleze kiongozi wako sababu, wengi wataelewa.

*Hamzungumzi.* Anza na mashauri. Ibada ya pamoja isubiri mkutano wa pili au wa tatu. Wakati huo kila mmoja asali kivyake, na Waefeso 4:26, jua lisichwe mkiwa na uchungu, ichukuliwe kama mwelekeo, isigeuzwe silaha ya kumlazimisha mwenzako aongee saa 6 usiku.

*Dini tofauti ndani ya nyumba moja.* Si jambo geni Dodoma mjini wala Kondoa. Kila mmoja afuate sala yake. Cha pamoja kiwe meza na lile swali la siku. Jumuiya na darsa ziende kwa zamu, zisigongane usiku mmoja. Mkihitaji mashauri, tafuteni mtu mmoja kutoka kila upande, na wote wawili wajue kwamba hakuna mwaliko wa kubadili dini.

*Mkulima.* Mvua hapa ni za msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na kulala shamba la mbali ni kazi halali. Msilazimishe ratiba ya mjini: jumuiya ya kitongoji itawafaa kuliko ibada ya kila usiku. Kipindi cha kuangaliwa ni fedha inapoingia. Kwa wakulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi au Makutupora, hiyo ni mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Pangeni ibada na hesabu ya fedha jioni hiyo hiyo ya malipo, kabla kijiwe hakijapata habari.

*Unamuuguza mtu.* Mafungo mafupi, siku moja kila miezi miwili au mitatu, na jumuiya ndiyo iombwe kutoa mtu wa kukaa na mgonjwa siku hiyo. Omba waziwazi, kwa tarehe.

*Familia iko Dar es Salaam, wewe uko Dodoma.* Treni ya mwendokasi iliyoanza kufika hapa mwaka 2024 imefanya wikendi ya nyumbani iwezekane kwa wengi, basi tiketi ikatwe mwanzoni mwa mwezi kabla semina hazijajaza Jumamosi zote. Siku za katikati, ibada kwa simu ya video dakika 10, saa ile ile, mtoto akisoma na wewe ukisikiliza. Bando likiisha, piga simu ya kawaida na uulize lile swali la siku kwa kila mmoja, kwa jina, kuanzia mdogo.